Kifua namba 31 kilichompita Yuliana

Saa moja na dakika kumi asubuhi, ukungu haujauachia mlima, Yuliana Banzi anavua hereni zake na kuziweka kwenye kifuniko cha chupa. Anapiga funda la maji. Halimezi. Anavaa hedifoni, anafumba macho, na kidole chake kinabonyeza kitufe cha kompyuta.

Aliyekaa pembeni hasikii chochote. Anachoona ni mama aliyejaza mashavu kama mtoto anayekataa uji. Sekunde kumi na mbili zinapita. Yuliana anafumbua jicho moja, anatia alama ya vema kwenye daftari, anabonyeza tena.

Ana miaka hamsini na mbili, ni mjane, na elimu yake ni darasa la saba. Kazi yake ni kusikiliza picha.

Picha hizo ni za eksirei, za vifua vya watu wa mjini Morogoro na wa vijiji vya milima ya Uluguru, zinazopigwa ili kutafuta kifua kikuu. Katika kituo kimoja cha afya cha kanisa, pembezoni mwa mji, kuna mradi wa majaribio unaozigeuza kuwa sauti. Kompyuta inaipita picha kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama mtu anayefagia uwanja. Kilicho juu kwenye picha kinalia kwa sauti nyembamba, kilicho chini kinalia kwa sauti nzito. Penye weupe panalia kwa nguvu, penye weusi panatulia.

"Mbavu ndizo za kwanza kuzizoea," anasema Yuliana baada ya kuyatema maji kwenye ndoo. "Zinapanda zinashuka, kama mtu yuko kwenye ngazi. Moyo nao unapita kama lori la ndizi linapandisha mlima. Ukishawazoea hao wenyeji, mgeni akiingia utamsikia tu."

Wageni amewabatiza majina mwenyewe. "Mchanga" ni vidoa vilivyotawanyika, vinalia kama mchanga uliorushwa juu ya bati. "Nyuki" ni ukungu mzito ndani ya pafu. Anayemwogopa kuliko wote ni "shimo", ukimya mfupi uliozungukwa na kelele, pale ambapo ugonjwa umelila pafu na kuacha uwazi.

Kila picha inapimwa mara mbili. Dk. Evance Lyimo anaitazama kwa macho, na Yuliana au mwenzake mmoja anaisikiliza, bila mmoja kujua mwingine amejibu nini. Mmoja wao akitia shaka, mwenye kifua anaitwa atoe makohozi yakapimwe. Wote wakisema safi, jalada linafungwa na mtu anakwenda zake.

"Sauti haitangazi ugonjwa," anasema Dk. Evance. "Inatuambia tuangalie tena. Neno la mwisho ni la maabara."

Asubuhi hii muda wa kazi bado. Wenzake huingia saa mbili. Yuliana amewahi kwa jambo lake, na jambo hilo halijampa utulivu tangu Kwaresima.

Alizaliwa Kinole, milimani, akaolewa Turiani, na sasa anaishi Bigwa na binti yake wa mwisho. Watu wakimsikia anafanya kazi ya vifua, hudhani mumewe alikufa kwa kikohozi. Huwakatisha mapema.

"Mume wangu alilaliwa na trekta kwenye miwa. Kifua chake kilikuwa kizima, angeweza kupigia baragumu. Watu wanapenda kila kitu kiwe na sababu. Mimi nilikuja hapa kwa sababu kulikuwa na sakafu chafu."

Ni kweli. Kwa miaka minane alikuwa mfanya usafi wa kituo hicho, kwa mshahara wa shilingi laki moja na nusu kwa mwezi. Mradi ulipoanza, mwaka jana, waliitwa vijana wa chuo kujaribiwa masikio. Yuliana alikuwa akipiga deki mlangoni wakati sauti zinachezwa kwenye spika.

"Hiyo ya tatu na ile ya kwanza ni moja," alisema bila kuinua kichwa. "Mmeipiga mara mbili."

Vijana walicheka. Dk. Evance hakucheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Aliirudia picha ya kwanza makusudi, na kati ya vijana kumi na moja hakuna aliyeshtuka.

"Nikamwambia, mama, weka hilo dekio chini, njoo ukae," anakumbuka daktari.

"Nikamwambia ngoja nimalize hapa mlangoni, mtu atateleza," anadakia Yuliana.

Sikio hilo amelinoa kanisani. Tangu akiwa msichana ameimba sauti ya pili katika kwaya, kwanza Kinole, kisha Turiani, na sasa katika parokia yake ya mjini. Nota anazisoma kama wengine wanavyosoma meseji. Alipata mkataba wa mwaka mmoja, laki mbili na themanini kwa mwezi, na meza yenye kiti cha kuzunguka ambacho mpaka leo hajakiamini.

Meza ya pili ni ya Hafidhi Kasanda, miaka arobaini na moja, fundi redio wa zamani, Mnyamwezi wa Tabora aliyelowea Morogoro. Kwa kuwa Wanyamwezi na Waluguru ni watani, chumba chao hakikosi maneno.

"Huyu masikio yake ameazima," Yuliana huwaambia wageni. "Mnyamwezi aliumbiwa kubeba mzigo."

"Na wewe uliumbiwa kuteremsha ndizi," hujibu Hafidhi. "Tena mbichi."

Lakini Alhamisi moja ya Kwaresima ilibadili mambo katika chumba hicho.

Siku hiyo Yuliana alipangiwa picha arobaini na tatu. Gari la eksirei lilikuwa limetoka vijiji vya upande wa Matombo, na picha zilikuwa zimeingia kwa mkupuo. Alizisikiliza kuanzia asubuhi hadi saa tisa, akatia shaka mbili, nyingine zote akasema safi. Akarudi nyumbani, akapika, akasali na binti yake, akalala.

Jumamosi alikwenda mazoezi ya kwaya. Walikuwa wakijifunza wimbo mpya wa Pasaka, na mwalimu wao, Erick, hakuridhika. Alisimamisha wimbo mara tatu. Mara ya nne alikishusha kitabu chake cha nota.

"Besi inashuka, na mimi siisikii inaposhukia," alisema. "Mnajua kwa nini? Kina mama wa sauti ya pili mnaifunika. Mtu akikosea, mnajaza palepale. Huruma yenu hiyo itaniaibisha mbele ya Askofu!"

Wenzake waliangua kicheko. Ni desturi yao ya miaka mingi, na wanajivunia. Penye pengo, sauti ya pili inaingia kwa kuvumisha midomo ikiwa imefungwa, wimbo unaendelea, waumini hawajui kitu.

Yuliana hakucheka.

"Niliona meza yangu," anasema. "Nikajiona Alhamisi nimekaa pale, hedifoni masikioni, na mimi navumisha wimbo wa Pasaka. Tangu asubuhi nilikuwa nao mdomoni. Picha inalia, mimi naitikia. Sikujua kabisa kama naitikia."

Anashika meza kwa mikono miwili.

"Sasa shimo ni nini? Shimo ni ukimya. Na mimi nilikuwa naujaza."

Jumapili alikwenda misa ya kwanza, na anakiri kwamba mahubiri yalimpita. Baada ya misa alitembea hadi kituoni, akakuta chumba kimefungwa, mlinzi akamwambia funguo anazo daktari, naye daktari yuko Dodoma. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Akasimama. Akaenda hadi barabarani, akarudi. Mlinzi alimuuliza kama anaumwa.

Jumatatu alikuwa wa kwanza mlangoni. Aliyemtangulia daktari alikuwa Hafidhi, na Yuliana akamweleza yeye kwanza.

Hafidhi aliangalia mlango, akashusha sauti. "Mama Banzi, nyamaza. Tathmini ya mradi ni mwezi ujao. Ukisema hivyo wataandika masikio hayafai, na sote wawili tutarudi mtaani. Daktari mwenyewe kazitazama zote, kasema safi. Nani atajua?"

"Wewe si umefunga leo?"

"Nimefunga, Ramadhani hii."

"Umefunga, halafu unanifundisha kunyamazia kosa?"

"Nimefunga chakula, mama. Sijafunga akili."

Mlango ukafunguliwa, Dk. Evance akaingia na begi lake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari. Nina kosa."

"Kosa gani mapema yote hii?"

"Alhamisi niliimba."

Daktari alitabasamu akidhani ni utani. "Uliimba wapi?"

"Humu. Nikiwa nimevaa."

Ilichukua dakika kadhaa kumwelewesha. Alipoelewa, aliuliza kwa ukali ambao Yuliana hakuuzoea. "Picha zote arobaini na tatu?"

"Sijui ni ngapi. Ndiyo maana nataka zote."

"Majalada yameshafungwa, mama. Nikiyafungua lazima niandike sababu, na sababu ina jina lako."

"Liandike."

Zilifunguliwa saa nne. Yuliana alianza mwanzo, Hafidhi akaanza mwisho, katikati ya picha zake za siku hiyo, ingawa hakuna aliyemwambia asaidie. Ndipo Yuliana alipochukua chupa yake ya maji kwa mara ya kwanza, akajaza mdomo ili usipate nafasi ya kuvumisha chochote.

Thelathini za kwanza zilikuwa vilevile. Ngazi, lori, ngazi. Ya thelathini na moja ilianza vizuri, na upande wa kulia, juu kabisa, chini ya mfupa wa bega, sauti ilikatika. Haikufika nusu sekunde. Kisha ikaendelea kama hakuna kilichotokea.

Yuliana alimeza maji yote. Akairudia. Akamwita mwenzake.

Hafidhi alisikiliza, akatikisa kichwa. "Sisikii kitu."

"Sikiliza baada ya ngazi ya pili."

Alisikiliza tena, safari hii akiwa amekunja uso. Kisha akavua hedifoni polepole. "Lipo," alisema. "Astaghafirullah. Lipo."

Dk. Evance aliikuza picha kwenye kioo. "Mimi naona mfupa," alisema. Akaikuza zaidi, akabadili mwanga. Alikaa muda mrefu. "Nyuma ya mfupa kuna kitu. Mimi pia nilikipita."

Wasikilizaji hawapewi majina ya watu. Kwa Yuliana, mtu huyo alikuwa namba thelathini na moja. Lakini kwa Hosiana, mhudumu wa afya wa jamii katika vijiji vile, alikuwa Kondo Mloka, miaka thelathini na minane, mkulima wa ndizi na mdalasini. Simu aliyoandikisha ilikuwa ya mjomba wake, na haikupatikana.

Hosiana alipanda kwa miguu, kwa kuwa masika yalishaanza na pikipiki zilikuwa zinakwama. Alimkuta mjomba shambani.

"Ameshuka," alisema mzee.

"Kashukia wapi, babu?"

"Una shida naye gani?"

"Ya kituo cha afya."

"Anaumwa nini?"

"Siwezi kusema, babu. Ni siri yake."

"Basi na mimi siwezi kusema," alijibu mzee, akaendelea kupunguza majani ya migomba.

Siku zile Yuliana hakutulia. Kila asubuhi aliuliza, "Amepatikana?" na kila asubuhi daktari alijibu hapana. Aliacha kwenda mazoezini. Kwenye jumuiya yao, ilipofika zamu yake ya kutoa nia, alimwombea "mtu mmoja ambaye jina lake silijui". Wenzake walimwangalia, wakaitikia Amina.

"Nilikuwa nawaza, huyu mtu anakohoa wapi sasa hivi? Analala na nani? Anakula sahani moja na nani?"

Hosiana alipanda mara ya pili, akajibiwa vilevile. Mara ya tatu alibadili maneno. Hakuuliza tena Kondo yuko wapi.

"Babu, usinitajie alipo," alisema. "Mtumie neno tu kwamba mjomba wake anamwita."

Kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi anayolima ni ya huko. Mjomba akiita, mpwa haulizi kuna nini. Mzee alifikiri, akasafisha panga lake kwenye nyasi, akamtuma mfanyabiashara wa ndizi aliyekuwa anateremka. Siku mbili baadaye, Jumanne ya Juma Kuu, Kondo alifika kijijini akiwa na shuka begani, akiamini anakuja msibani.

Alikuwa Dakawa, akipalilia mpunga wa watu, akilala kibanda kimoja na vibarua wanne.

Makohozi yake yalipimwa. Ulikuwa kifua kikuu. Akaanzishiwa dawa za miezi sita. Wenzake wa kibandani walifuatwa na kupimwa, wakakutwa wazima. Nyumbani, mtoto wake wa miaka minne alianzishiwa dawa za kinga.

Alipokuja kituoni mara ya pili, Kondo aliuliza ni nani aliyemsikia. Daktari akaomba ridhaa yake, akamleta chumbani.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye uliyenigundua?"

"Marahaba, baba. Mimi ndiye niliyekukosa kwanza," alisema Yuliana, akamweleza yote, na wimbo pia.

Kondo alisikiliza amesimama. "Siku ngapi zilipita?"

"Kumi na tisa."

"Mtoto wangu anameza vidonge kila siku. Ni kwa sababu ya siku hizo, au za kabla?"

"Sijui, baba. Ningejua ningekuambia."

Hafidhi alijifanya anatafuta waya. Mwisho Kondo akavuta kiti. "Na mimi waliniuliza kwenye gari kama nakohoa," alisema. "Nikasema hapana. Lori la Dakawa lilikuwa linapiga honi."

Yuliana alitikisa kichwa. "Hilo ni lako. Langu ni langu."

Kondo aliomba asikie kifua chake. Akavikwa hedifoni, akakaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Sekunde kumi na mbili zikaisha.

"Hii si mashine ya kukoboa?" aliuliza. "Mnalipwa kwa hili?"

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, Yuliana alicheka mpaka akafuta machozi.

Tathmini ya mradi ilifanyika, na kosa lake liliandikwa, na jina lake. Hakufukuzwa. Ndani ya mwongozo wa wasikilizaji kumeongezwa mstari unaokataza kuvumisha, kupiga mluzi na kuitikia. Maji mdomoni hayakuandikwa. Hayo ni ya kwake. Hafidhi bado hajamwacha. "Ramadhani ijayo nikitaka kukuiga nitafanyaje?" humuuliza. "Wewe huna haja," hujibiwa. "Wewe huimbi, unapayuka."

Lakini Yuliana hakuishia kwenye zile arobaini na tatu. Kama aliimba Alhamisi ile bila kujijua, je, aliimba siku ngapi nyingine? Tangu mradi uanze hadi siku ile alikuwa amepitisha picha 1,916 kuwa safi. Aliomba ruhusa ya kuzisikiliza upya, nje ya saa za kazi, bila malipo. Daktari alimwambia si lazima. Alimwambia pia kwamba zote zilitazamwa kwa macho.

"Na ya thelathini na moja nayo ilitazamwa," alijibu Yuliana.

Hiyo ndiyo kazi anayoifanya alfajiri hizi, picha kumi na tano hadi ishirini kabla wenzake hawajaingia. Mpaka wiki iliyopita alikuwa amefika ya 640. Ametia shaka mbili. Moja ilikutwa ni kovu la zamani. Mwenye ya pili bado anatafutwa, na Yuliana ameshaanza tena kumuuliza daktari kila asubuhi.

Kwaya amerudi. Erick amemhamishia mstari wa mbele, karibu na besi, na amemkataza kumsaidia mtu.

"Ni vigumu," anasema. "Mtu anaanguka mbele yako na wewe unamwacha aanguke, ili mwalimu amsikie. Nimezeeka nikifanya kinyume."

Mkataba wake unaisha Septemba. Mradi ukiendelea, anataka kuomba wafundishwe wanawake wengine watatu kutoka kwaya za mjini na mmoja wa kaswida, awasimamie mwenyewe. Usipoendelea, anasema dekio analijua lilipo.

Ila ana ombi moja dogo ameshalipeleka kwa Dk. Evance, na daktari amekubali. Dawa za Kondo zitakwisha mwanzoni mwa Oktoba, naye atapigwa picha mpya. Yuliana hataki kuambiwa ni siku gani, wala ni namba ngapi. Anataka iingizwe katikati ya nyingine zote, apewe kama za watu wote, hata kama mkataba utakuwa umeisha na amekuja siku hiyo kusikiliza bure.

"Nataka ipite," anasema, akiinua chupa kujiandaa kwa picha inayofuata. "Ngazi, lori, ngazi. Ipite nisimjue."